Taarifa ya diwani: wodi ilipigiwa vigelegele, daladala ikaguniwa

Diwani wetu alikuwa akitusomea taarifa yake kwenye mkutano wa kata. Alipofika kwenye afya, kina mama waliokaa mkekani mbele walipiga vigelegele, na walikuwa na haki. Boma la wodi ya wazazi, lile lililoishia kwenye lenta miaka nenda rudi mpaka mpapai ukaota ndani yake, limepata fedha za kumaliziwa. Akafunua ukurasa wa usafiri. Huo ulikuwa na mambo matatu tu: barabara ya kuingia ndani ya kata itasubiri, njia za daladala haziko mikononi mwa halmashauri, na malalamiko ya wananchi ameyapokea. Likatoka guno. Lilianzia kwa wanaume waliosimama chini ya mwembe, likaendelea mpaka mwenyekiti wa mkutano akaomba utulivu.

Kata yetu iko pembezoni mwa Jiji la Tanga, upande wa barabara ya Pangani, kule ambako ujiji uko kwenye barua za ofisini na macho yanaona minazi, muhogo na bahari kwa mbali. Guno lile limezunguka vijiweni na mabarazani wiki nzima, na limepewa maana moja: walioguna ni wenye Haisi za daladala na vijana wa bodaboda, wanatetea hesabu, ile fedha ya kumpelekea bosi kila jioni, uchungu wa kuzaa hawaujui. Wapo waliowaita wabinafsi. Mimi nilikaa upande wa mkeka, na naona wameonewa.

Diwani naye asionewe. Ana hoja, tena nzito.

Barabara alizoombwa hazimo kwenye mfuko wake. Tangu Julai 2017 barabara za mijini na vijijini ziko chini ya wakala wa Serikali, TARURA. Zile kuu na za mkoa ni za wakala mwingine, TANROADS. Leseni za magari ya abiria, njia zao na nauli ni kazi ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, iliyoundwa mwaka 2019 na kurithi kazi hiyo kutoka mamlaka ya zamani, SUMATRA. Diwani anaweza kusimama kwenye Baraza la Madiwani akasema hadi sauti ikauke, anaweza kuandika barua, ila greda haliondoki kwa amri yake. Kwenye afya mlango upo. Zahanati na vituo vya afya vinasimamiwa na halmashauri, mapato ya ndani yanaweza kuezeka boma, na tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, ambako kamati yenye majirani zetu ndani yake hukaa na kupanga matumizi. Mvuvi halaumiwi kwa kutupa wavu pale mtumbwi wake unapofika.

Tena boma ni deni. Wananchi walibeba mchanga, wakachanga tofali, wakaambiwa wakifika kwenye lenta Serikali itamalizia. Kila mwaka linapoachwa, waliochanga wanajiona wajinga, na safari nyingine ukipiga mbiu ya kuchanga hawatoki. Ongeza na hali ya fedha za afya kwa jumla. Viongozi wa Afrika walikubaliana Abuja mwaka 2001 kwamba asilimia 15 ya bajeti iende kwenye afya, na Tanzania haijafika huko. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, huduma za VVU zilitikisika nchi nzima. Katika mazingira hayo, diwani anayepata senti akaipeleka kwenye wodi hawezi kuitwa mpuuzi.

Kwa hiyo sibishani na wodi. Ninachobishania ni ule ukurasa wa pili wenye mambo matatu, na mazoea ya kudhani kwamba ukurasa wa kwanza na wa pili ni habari mbili tofauti.

Shangazi yangu ana presha. Kila mwezi ana tarehe ya kliniki mjini, anapimwa, anapewa dawa za mwezi, anarudi. Amevuka miaka 60, kwa hiyo yumo katika kundi la wazee ambao Sera ya Afya ya mwaka 2007 inataka watibiwe bila malipo kama hawana uwezo. Kadi anayo. Kwenye vitabu vya Serikali, basi, matibabu yake ni bure, na mtu anayesoma taarifa ya afya atamhesabu kama amehudumiwa.

Sasa tupige hesabu yake. Desemba 2023 zilianza nauli mpya za LATRA: daladala ya mjini isiyozidi kilomita 10, mtu mzima Sh600, mwanafunzi Sh200. Sisi tuko mbali kuliko kilomita 10, lakini tuchukue kiwango hicho cha chini ili asitokee wa kusema nimetia chumvi. Shangazi anapanda gari la kwanza hadi mjini, la pili hadi hospitali. Kwenda Sh1,200, kurudi Sh1,200. Kwa mwezi Sh2,400. Kwa mwaka Sh28,800.

Wengi wetu tuliizoea bei ya CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii: Sh30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Kuhamasisha watu walipe hizo Sh30,000, mikutano mingapi imefanyika, vipaza sauti vingapi vimepita mitaani juu ya pikapu? Na bado nauli ya bibi mmoja, kwa ugonjwa mmoja, kwa kiwango cha chini kabisa, inakaribia kuwa sawa na bima ya nyumba nzima. Tofauti ni Sh1,200, nauli ya kwenda bila ya kurudi. Akisindikizwa na binti yake, kwa sababu siku nyingine kichwa kinamzunguka, ni Sh57,600, karibu bima ya kaya mbili. Hapo hatujahesabu siku gari linapokatisha njiani kwa kukosa abiria, likawageuza watu nusu ya safari, wakamalizia kwa bodaboda ambaye akiona mzee ameshika kadi ya hospitali anajua hana pa kukimbilia.

Nimeirudia hesabu hii mara nyingi kuliko inavyostahili, na kila nikiirudia ninakwama palepale: msamaha wa mzee unaishia kwenye lango la hospitali. Konda hana habari nao. Kwenye jedwali la nauli kuna mtu mzima na kuna mwanafunzi; mgonjwa hamo, mzee hamo. Tumemsamehe mtu bei ya dawa, tukamwachia bei ya kuifuata.

Basi anafanyaje? Anafanya wanavyofanya wengi, na wauguzi wanajua ingawa wagonjwa hawawaambii. Anaruka mwezi. Vidonge vya siku 30 anavibana vifike siku 50 au 60, leo anameza, kesho anapumzika. Presha haina adabu ya kupumzika naye. Siku ikipanda ikamwangusha, zitatoka fedha nyingine kabisa: kitanda, dripu, vipimo, mazoezi ya viungo, mtu wa familia kuacha biashara yake akauguze. Zote hizo zitaandikwa kwenye ukurasa wa afya, na atakayeusoma hataiona ile Sh2,400 iliyokosekana.

Ndiyo maana nasema guno lile la chini ya mwembe lilikuwa neno la afya, hata kama walioguna wenyewe hawakulisema hivyo. Mwenye Haisi anamjua mgonjwa kuliko tunavyodhani. Yeye ndiye anayeombwa amkopeshe nauli.

Upande wa wazazi wenyewe, ambako diwani ndiko alikoegemea, ushahidi unasema hivyohivyo. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulipata 104. Ni kushuka kwa kustaajabisha, na wapo wanaotaka tuwe waangalifu: mashirika ya kimataifa, kwa njia yao ya kukokotoa, yalikadiria 238 kwa mwaka 2020. Shika namba uitakayo, mwelekeo ni ule ule, chini. Katika kipindi hicho wanaojifungulia kwenye vituo walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Majengo yalichangia, vituo vya afya vyenye chumba cha upasuaji vilichangia sana, hakuna wa kukataa. Lakini kuna jambo jingine lililofanyika ambalo halina paa wala jiwe la msingi la kuwekewa utepe.

Ni m-mama. Mfumo huu ulianza kwa majaribio Kanda ya Ziwa, na Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua kuwa wa kitaifa. Mjamzito akipata tatizo, inapigwa 115, bure. Muuguzi aliye kwenye kituo cha uratibu anauliza dalili, anaamua mgonjwa apelekwe wapi, anatafuta gari. Likiwepo gari la wagonjwa karibu, linakwenda. Lisipokuwepo, anapigiwa dereva wa kawaida aliyesajiliwa hapo jirani, mwenye Noah au Probox yake, anamfikisha mama, analipwa kwenye simu. Hapo ndipo penye akili ya mpango wenyewe: badala ya kusubiri kila kijiji kinunuliwe gari la wagonjwa, Serikali ilianza kulipia safari. Magari tayari yalikuwapo mitaani, yakimilikiwa na watu wa aina ileile ya wale wa chini ya mwembe.

Wataalamu wa uzazi walikwishalisema hili zamani. Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika juu ya ucheleweshaji wa aina tatu unaoua wajawazito: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Wodi yetu mpya itatibu kwa sehemu ule wa tatu. Wa pili uko barabarani. Na wa kwanza nao, ukiuchunguza, mara nyingi ni wa pili uliovaa kanga nyingine: familia inachelewa kuamua kwa sababu inapiga hesabu ya gari saa nane za usiku.

Kuna atakayesema, si ndiyo sababu tunajenga wodi hapahapa, watu wasisafiri? Ni hoja nzuri na MMAM, mpango wa afya ya msingi wa mwaka 2007, uliisimamia: zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata. Ila wodi haimzalishi mtu. Anayezalisha ni mkunga, naye analala wapi? Kama hakuna nyumba ya mtumishi, amepanga mjini, Ngamiani au Makorora, anakuja na daladala hiyohiyo au na bodaboda. Masika, barabara ya ndani ikigeuka tope, anafika saa nne. Zamu ya usiku ataingiaje? Nilitega sikio nione kama nyumba ya mkunga imetajwa kwenye taarifa. Sikuisikia. Na damu ikihitajika, au upasuaji, safari ya Bombo, hospitali ya mkoa, iko palepale, wodi iwepo isiwepo.

Watu wa Tanga hatuhitaji kufundishwa kwamba ukihamisha huduma umezalisha nauli. Stendi ya mabasi ilipopelekwa Kange, msafiri wa Dar es Salaam akajikuta ana safari mbili: ile ya kwenda Dar, na ile ya kwenda kwenye basi. Huko angalau kuna bajaji zimejipanga zinagombea mizigo.

Hata hivyo, upande ninaoutetea nao una nyufa, na sitazifunika kwa sababu tu nimewapenda. Barabara nzuri si daladala. Unaweza kuchonga barabara hadi mlangoni pa zahanati na gari bado likakatisha, kwa kuwa dereva ana hesabu ya bosi jioni na mchana abiria ni wanne. Biashara inafuata watu, na pembezoni watu wako asubuhi kwenda na jioni kurudi, si saa sita ambapo mgonjwa ametoka kwa daktari. Tena barabara laini ina ada yake: mwendo. Bodaboda aliyekuwa akitambaa kwenye mashimo ataruka, na wodi za majeruhi tunazijua zinavyojazwa miguu iliyovunjika. Fedha iliyookolewa kwa shangazi inaweza kuishia kwenye goti la kijana. Anayesema barabara kwanza bila kutaja kofia ngumu na matuta anasema nusu.

Na wapo kweli, chini ya ule mwembe, walioguna kwa ajili ya hesabu tu. Sitaapa kwa niaba ya wote.

Ninachokataa ni ile kauli kwamba usafiri hauko mikononi mwa halmashauri. Kisheria, kuhusu leseni na nauli, ni kweli. Kivitendo halmashauri zimo ndani ya biashara ya usafiri mpaka shingoni. Sheria inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi 2024. Vijana wakipewa wananunua nini? Mtu yeyote aliyepata kuhudhuria hafla ya kukabidhi anajua: bodaboda na bajaji, zikiwa zimepangwa mstari uwanjani na riboni kwenye usukani. Huo ni usafiri wa umma unaogharimiwa na mapato ya ndani, ila umeandikwa kwenye ukurasa wa maendeleo ya jamii, kwa hiyo hausomwi pamoja na zahanati.

Diwani alikuwa na nafasi ya kuzisoma kurasa hizo kwa pamoja. Kikundi cha vijana kikikopeshwa bajaji tatu, nini kinazuia kukubaliana nao kwamba siku ya kliniki bajaji moja inazunguka kwa bei iliyoandikwa ukutani, na usiku mmoja wao yuko zamu na namba yake imebandikwa mlangoni pa zahanati? Hilo halihitaji greda. Halihitaji hata barua kwa LATRA, ingawa barua pia iandikwe, iombe njia rasmi ya kuingia ndani ya kata ili gari likikatisha abiria awe na la kushika. Kalavati lililovunjika kwenye barabara ya ndani ni la TARURA, sawa, lakini eneo la kugeuzia magari mbele ya zahanati ni la kata, na leo dereva anakataa kuingia kwa sababu hana pa kugeuzia. Watu waliobeba mchanga wa boma wanaweza kubeba kifusi.

Na kuna njia ya kupunguza safari zenyewe. Waliotangulia kulielewa hilo ni watu wa huduma za VVU: mgonjwa aliye imara hapewi tena dawa za mwezi, anapewa za miezi 3, hata 6. Waliona nauli inawapotezea wateja wakapunguza tarehe. Presha na sukari je? Shangazi akipimwa na muuguzi wa zahanati yetu kila mwezi, kwa miguu, na kwenda mjini kila baada ya miezi 3, nauli yake ya mwaka inashuka kutoka Sh28,800 hadi Sh9,600. Kinachotakiwa ni kipimo cha presha kinachofanya kazi, dawa kufika, na daktari wa mjini kukubali. Kamati ya kituo inaweza kulianzisha katika kikao kimoja, kwa fedha ambazo tayari zinaingia kwenye akaunti yake.

Ndiyo maana guno lilipoitwa ubinafsi niliumia. Tuliachwa tuchague kati ya mama mjamzito na dereva wa Haisi, kana kwamba mama huyo hajawahi kubanwa kwenye kiti cha nyuma cha Haisi hiyo, mkono mmoja tumboni, mwingine umeshika bomba.

Wodi ikifunguliwa nitakwenda, na nitapiga makofi. Tarehe ya shangazi ni Jumatano ya pili ya mwezi. Gari linalomwahisha kwenye foleni ya vipimo linaondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, nalo haliingii ndani, analifuata barabara kuu kwa tochi. Taarifa ya robo ijayo haijaandikwa. Nimemwendea mtendaji wa kata nikamwomba kwenye lile jedwali la afya, mbele ya safu ya idadi ya wagonjwa, aongeze safu moja ya nauli ya kwenda na kurudi. Amecheka, lakini ameandika kwenye daftari lake.